Alama Tatu za Rekodi ya Tisa

Asubuhi ile Mwalimu Mizani aliamka kabla jua halijachomoza. Ilikuwa siku ya kusawazisha alama. Wasioijua kazi ya utahini hudhani mtihani wa kuongea Kiingereza ni jambo rahisi: mtu anakaa, anaongea, anapewa alama, kila mmoja anakwenda zake. Wamekosea sana. Kabla mtahini hajaruhusiwa kumsikiliza mtu aliye hai, hufungiwa chumbani pamoja na wenzake, wakapigiwa rekodi kumi za watu waliofanya mtihani huo zamani. Kila mmoja huandika alama zake kwa siri, kuanzia moja hadi tisa, kisha alama hizo hulinganishwa na zile za makao makuu. Ukipishana nao kwa alama moja, unasamehewa. Ukipishana kwa mbili, unasikiliza tena. Ukiendelea kubisha, unakusanya vitu vyako na kurudi darasani kwako ukafundishe watoto majina ya matunda.

Mizani hakuwahi kupishana na makao makuu hata kwa alama moja. Miaka miwili mfululizo alipata kumi kwa kumi, na hapo ndipo wenzake walipompa jina hilo, wengine kwa kumsifu na wengine kwa kijicho. Alikuwa na mtindo wake. Rekodi huchukua dakika mbili, lakini yeye alifumba macho, akasikiliza sekunde ishirini, akaandika, akalaza kalamu mezani. Wenzake waliokunja uso hadi mwisho walimtazama na kutamani kumpiga kofi. "Sekunde ishirini zinanitosha," alipenda kusema, na tusimfichie, alikuwa akiringa.

Sasa kiongozi wa watahini alikuwa amestaafu, na nafasi yake ilikuwa wazi. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka makao makuu kumtazama Mizani akiongoza chumba kizima. Ikiwa watahini wote waliobaki chumbani wangekubaliana na alama za makao makuu kufikia saa sita mchana, nafasi ilikuwa yake. Asingeweza, wangemletea kiongozi kutoka mji mwingine.

"Kifungo!" mama yake alimwita alipokuwa anatoka. Nyumbani hapakuwa na Mizani. Nyumbani aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka sita alimeza kifungo cha sare ya mama yake, na familia ikaigeuza kuwa hadithi ya kuchekea kila wanapokutana. "Viatu hivyo vitakuua. Vaa vile vya chini."

"Leo nakaguliwa, mama."

"Wanakagua miguu?"

Mama yake alikuwa nesi mstaafu wa wodi ya watoto, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Kiingereza hakukitaka masikioni mwake. Redio ikianza kukisema, alibadilisha stesheni. Mgeni akimsalimia kwa lugha hiyo, alimjibu kwa Kiswahili na kumsukumia kiti. Sababu ilijulikana. Miaka thelathini iliyopita hospitali moja ya nje ilikuwa imekubali kumwajiri, ukabaki mtihani huuhuu wa kuongea. Ilitakiwa alama sita. Barua ikaja na tatu. Mama aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkebe wa nyuzi na vifungo, na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Alipoulizwa na mashoga zake alisema, "Lugha hiyo na mimi tumeachana. Hatukugombana."

Bintiye wa miaka saba aliiona barua ikikunjwa. Ukitaka kujua kwa nini Mizani aliitamani nafasi ile kiasi cha kukosa usingizi, anzia hapo. Alitaka kukaa upande wa meza ambako hakuna mtu anayeweza kukuandikia barua ya namna ile.

Chumba namba tano kilikuwa tanuri. Madirisha yalifungwa ili makelele ya barabarani yasiingie, na feni ilizimwa kwa sababu huvuma na kuziharibu rekodi. Meza nane zilikuwa zimetenganishwa kama za wanafunzi wanaoshukiwa wizi wa majibu. Mbele kulikuwa na kompyuta, spika mbili, na ubao mweupe. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Mkaguzi, mwanamume mrefu wa sauti ya chini, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo inaweza kukukata. Hakuwa mkali. Alikuwa na daftari, na kila mtu aliposema kitu aliandika, na hilo lilitisha kuliko ukali.

Rekodi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili ikaenda vizuri. Kwenye ya nne mtahini mmoja alipanda mno, Mizani akamrudisha kwa maneno mawili na tabasamu. Kwenye ya saba wote wanane waliandika alama ileile, na Mizani akamwona Mkaguzi akiitikia kwa kichwa taratibu na kuandika mstari mrefu. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi. Alihisi shingo yake ikirefuka.

"Rekodi ya tisa," alisema, akabonyeza.

Hii aliijua kama wimbo. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, na nyuma yake mvumo wa kanda ya zamani kabla rekodi hazijahamishiwa kwenye kompyuta. Ilikuwa mojawapo ya rekodi za nanga, zile ambazo makao makuu hayazibadilishi miaka nenda miaka rudi ili alama zisihame mahali pake. Mizani hakuhitaji hata zile sekunde ishirini. Akaanza kuwaza chakula cha mchana, na kiti cha kiongozi kile chenye magurudumu.

Kengele ya dakika mbili ikalia kwenye rekodi. Karatasi zikaja mbele, akazisoma kwa sauti huku akiandika ubaoni. Tatu. Tatu. Nne. Tatu. Mbili. Tatu. Tatu.

Saba.

Watu wakacheka. Mizani naye akacheka kidogo, kama mwalimu anavyocheka kabla ya kumkamata mtu sikio. "Kuna aliyegeuza karatasi juu chini?"

"Ni mimi, mwalimu," ilijibu sauti nene kutoka meza ya dirishani. "Na sijaigeuza."

Walimwita Baharia. Alikuwa mtahini mpya, mwenye umri wa kuwa kaka yao mkubwa. Alifanya kazi ya redio melini miaka kumi na tano kabla ya kushuka nchi kavu na kufundisha Kiingereza katika chuo cha mabaharia. Kiingereza chake kilikuwa na kiraka cha kila bandari. Tangu asubuhi alikuwa mpole, alama zake zikiwa ndani ya mstari.

"Haya, tueleze," Mizani alisema kwa sauti tamu.

"Nimemwelewa. Kila neno. Hakuna mahali nilipopotea."

"Hatupimi kama wewe umeelewa. Sikia lafudhi. Maneno yote anayapa uzito sawasawa, kama anapiga mhuri. Jana na leo kwake ni siku moja. Hii ni tatu, tena ndiyo mfano wa tatu. Ndiyo maana imewekwa."

"Mfano kwa nani?" Baharia aliegemea kiti. "Huyu ni nesi, si ndiyo? Akienda huko atasema na nani? Daktari katoka kona hii ya dunia, mgonjwa kona ile, mfagiaji kwingine kabisa. Melini kwetu nahodha alikuwa na Kiingereza chake, fundi mitambo chake, mpishi chake. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho. Moto ulipowaka chumba cha injini tulielewana barabara. Tuliyeshindwa kumwelewa ni mmoja tu, rubani wa bandari fulani, na huyo ndiye mwenye lugha yake. Anameza maneno kama anatuonea choyo."

Chumba kikaangua kicheko, kisha kikanyamaza ghafla, maana Mkaguzi alikuwa ameinua macho.

"Kiongozi ana hadi saa sita kumrudisha mwenzake," Mkaguzi alisema kwa ile sauti ya chini. "Asiporudi, mwenzake anatoka. Akibaki humu na alama yake, nitaandika kwamba chumba hakikusawazika." Akatazama saa. "Saa tano na robo."

Damu ikamwenda Mizani masikioni. Miaka yote ile ya kujipanga, na sasa mtu mmoja wa melini anataka kumwangusha mbele ya mgeni! Alisogea hadi meza ya dirishani, akainama kidogo, akasema polepole kila neno lisikike nyuma.

"Kaka yangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Kiingereza kipo cha namna nyingi, sawa, hata mimi nalifundisha hilo. Lakini alama ni moja. Ukianza kumhurumia huyu, kesho utamhurumia na yule. Sekunde ishirini tu zinatosha kujua huyu ni tatu."

"Sekunde ishirini."

"Ndiyo."

"Basi nikuulize kitu kimoja, halafu nitanyamaza." Baharia hakuwa anacheka tena. "Huyu dada anasimulia nini?"

"Anasimulia... siku aliyoogopa lakini hakuonyesha. Ndilo swali aliloulizwa."

"Swali tumelisikia wote. Aliogopa nini?"

Mizani akafungua kinywa. Aligeuka kuwatazama wengine, na wale saba wakawa ghafla na shughuli nyingi na karatasi zao. Mwaka juzi aliisikia rekodi hii, mwaka jana akaisikia, leo ameipiga kwa mkono wake mwenyewe, na hakujua yule mwanamke alikuwa anasema nini. Nyuma kule kalamu ya Mkaguzi ilikuwa inatembea.

"Tuisikilize tena," alisema, akijikaza. Alidhani ataiokota hadithi, aiseme kwa ufupi, amzibe Baharia mdomo, kisha tatu ibaki tatu. Akabonyeza.

Sekunde ishirini zikapita, zilezile, uzito sawasawa. Kisha akaingia mahali ambapo hakuwahi kufika.

Mwanamke alisema anafanya kazi wodi ya watoto. Alisema siku hiyo jirani alikuja mbio na mtoto mgongoni, na yeye akanyoosha mikono kumpokea kama anavyopokea mtoto yeyote, ndipo akaona ni mtoto wake. Ana miaka sita. Amemeza kifungo. Kifungo cha sare yangu, alisema mwanamke, cha pili kutoka juu, kilikuwa kinalegea na mimi nilikuwa nasema kesho nitakishona.

Mizani alishika ukingo wa meza.

Picha imepigwa, sauti iliendelea, kifungo kinaonekana kimekaa chini ya koo. Daktari ni mgeni, ametoka nchi ya mbali, Kiingereza chake si kama changu, anasema haraka, lakini namwelewa na yeye ananielewa. Anataka kumlaza mtoto usingizi na kukitoa. Ni hatari, ni mdogo. Kungoja nako ni hatari. Mimi ndiye nesi niliyekaa wodi ile miaka mingi kuliko wote, kila mara ananiuliza mimi. Ananitazama. Ananiuliza, nesi, huyu asingekuwa mtoto wako, ungeniambia nini? Namtazama mtoto. Hapigi kelele. Ameshika nguo yangu pale ambapo kifungo kilikuwepo. Miguu yangu haina nguvu lakini uso wangu uko vilevile. Nikamwambia daktari...

Kengele.

Mahali fulani nje lori lilipiga honi, na honi ile ikasikika licha ya madirisha yote yale.

"Sasa mmeona," Baharia alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nataka kujua alimwambia nini."

"Kiongozi," Mkaguzi aliita kutoka nyuma. "Alama?"

Mkono wa Mizani ulikuwa umepanda wenyewe hadi shingoni. Ile sauti nyembamba sasa ilikuwa imepata uso, imepata na mkebe wa nyuzi, na pilipili zake, na leo asubuhi ilikuwa imemwambia avae viatu vya chini. Nyumbani hadithi ilikuwa ya kuchekesha. "Ulimeza kifungo ukanitia aibu mbele ya madaktari," ndivyo mama alivyoisimulia siku zote. Miguu isiyo na nguvu haikuwahi kutajwa.

Akaona njia zote kwa pamoja, na hakuna iliyokuwa nzuri. Akisema tatu, Baharia anatoka, kiti cha magurudumu ni chake kabla ya chakula cha mchana, na hakuna binadamu atakayejua kamwe. Akisema saba bila kutoa sababu, ataonekana amegeuzwa na mtu aliyejiunga juzi. Na akitoa sababu, kuna kanuni ya nne, ile ambayo yeye mwenyewe huwasomea wapya kila mwaka akiwa amenyoosha kidole: mtahini akimtambua mtahiniwa, anajitoa. Na kuna mstari wa chini yake ambao hajawahi kuhitaji kuusoma mara mbili: aliyewahi kumpa ndugu yake alama, kwa kujua au kwa kutojua, hatatahini msimu mzima. Alijua kabisa kwamba Mkaguzi anaukumbuka mstari ule neno kwa neno, maana ndiye aliyeuandika.

Tatu, moyo ulimwambia. Sema tatu, Kifungo, mbona ulishasema mara mbili?

"Najitoa," alisema.

"Samahani?"

"Kanuni ya nne. Namjua mtahiniwa." Aliilaza kalamu mezani. "Ni mama yangu."

Mtu mmoja alianza kucheka akidhani ni mzaha, akakimeza kicheko chake katikati. Mkaguzi alisimama. "Una uhakika? Rekodi hii ina miaka thelathini. Haina jina."

"Kifungo chenyewe nilikimeza mimi."

Mkaguzi alitembea hadi mbele. Kwa karibu alionekana mchovu zaidi kuliko alivyoonekana kwa mbali. "Mwaka jana uliipa alama rekodi hii."

"Tatu. Na mwaka juzi tatu."

"Na hukumtambua mama yako mzazi?"

"Sikumsikiliza," alisema Mizani, na hapo machozi yakamponyoka mbele ya watu wote, machozi ya aibu hasa. "Nilikuwa nimeshaandika."

Mkaguzi alimwacha afute uso. Kisha akamuuliza kama anajua kanuni inavyosema, naye akajibu anajua. Akamwambia rekodi ya nanga haipewi alama upya, hilo halijawahi kufanyika. Hapo Baharia akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake, kalamu moja, miwani, chupa ya maji.

"Unakwenda wapi?"

"Si mmesema asiyerudi anatoka? Mimi nipo pale pale kwenye saba."

Mkaguzi aliangalia zile meza nane zilizotenganishwa, akaangalia saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. "Keti," alisema. Akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Siwezi kuamuru alama mpya. Lakini sijawahi kumkataza mtahini kuandika kwenye karatasi yake anachokisikia. Wewe, mwalimu, toka nje."

Akatoka. Korido ilikuwa na benchi moja na orodha ya watahiniwa wa kesho imebandikwa ukutani, majina arobaini. Mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa sare ya hospitali alikuwa amekuja siku moja kabla kutafuta chumba chake. Sasa alikuwa amesimama uso ukiwa ukutani, anajifanyisha mazoezi kwa kunong'ona, uzito sawasawa kwenye kila neno. Alipomwona Mizani akashtuka, akaomba radhi.

"Endelea," Mizani alimwambia. "Unasimulia nini?"

Mwanamke alimtazama kwa mashaka, kisha akamsimulia. Ilihusu bomba la maji lililopasuka wodini na mzee aliyekataa kuhamishwa kitanda. Mizani alisikiliza hadi mwisho. Mara mbili kalamu ilimjia akilini na mara mbili akaifukuza. Kupitia mlangoni aliisikia ile sauti nyembamba ikipigwa tena, kengele, kisha kimya cha watu wanaoandika.

Mkaguzi alipotoka alikuwa na bahasha mkononi. Alingoja yule mtahiniwa aende zake.

"Karatasi tatu zina saba, tatu zina sita, moja ina tano," alisema. "Na moja ina tatu. Kuna mtu bado ananiogopa." Hakutabasamu. "Karatasi hizi nitazipeleka makao makuu. Sikuahidi kitu. Watu wa kule hawapendi kuambiwa nanga imezama mahali pabaya. Nafasi ya kiongozi nitaiacha wazi. Na wewe, nipe kitambulisho chako. Hutatahini msimu huu."

Mizani aliuvua mkanda wa kitambulisho shingoni, akampa. Alikuwa ameutarajia uamuzi huo, hata hivyo uliuma kama kidonda kilichomwagiwa ndimu.

Mkaguzi aliuzungusha mkanda mkononi, akawa kama mtu anayetaka kuondoka lakini miguu imegoma. "Rekodi ile nimeisikia miaka kumi na moja, katika vituo visivyopungua ishirini," alisema. "Mama yako alimwambia nini yule daktari?"

"Sijui," alisema Mizani. "Sijawahi kumuuliza."

Alifika nyumbani saa tisa alasiri, viatu mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini na sinia la mchele miguuni, anachambua mawe. Alitazama viatu, akatazama miguu, akatazama uso.

"Nilikwambia," alisema.

Mizani aliketi sakafuni mbele yake na kumweleza. Hakuficha kitu. Alianza na Baharia, akapitia kwenye kanda, kifungo cha pili kutoka juu, kengele, zile karatasi nane, hadi kitambulisho. Vidole vya mama havikusimama hata mara moja. Vilitenga punje, vikatoa jiwe, vikatenga punje.

"Kumbe bado wananipiga kwenye spika," alisema mwishowe. "Miaka yote hiyo. Si wangenialika walau." Akaokota jiwe jingine. "Na wewe ulinipa ngapi?"

"Tatu."

"Kama wao."

"Kama wao, mama. Mara mbili."

Mama aliliweka lile jiwe ukingoni mwa sinia, kwa uangalifu mkubwa, sambamba na mengine. Vidole vikasimama. Mizani alingoja pilipili. Alikuwa tayari kwa lolote, na alistahili lolote.

"Kengele ililia kabla sijamaliza," mama alisema. Kisha akaendelea kwa Kiingereza, kilekile, uzito sawasawa katika kila neno, sauti sasa nzito na yenye mikwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa kwa muda mrefu. "Nikamwambia, daktari, huyu angekuwa wa mwingine ningekuambia ngoja, kitashuka chenyewe. Nimeona wengi. Lakini ni wangu, na naogopa, na mtu anayeogopa haoni. Leo mimi ni mama tu. Usiniulize mimi. Muulize nesi mwingine."

"Na huyo nesi mwingine alisema nini?" Mizani aliuliza, naye kwa Kiingereza. Hawakuwahi kuitumia lugha hiyo kati yao hata siku moja.

"Alisema ngoja. Tukangoja. Nilikushika mguu mpaka kikatoka." Mama alivuta pumzi. "Hiyo ndiyo hadithi. Dakika mbili na nusu. Walinikata nusu dakika." Akamtazama bintiye machoni. "Haya, mtahini. Umeisikia yote. Sasa ngapi?"

"Siruhusiwi kukupa, mama. Tukimjua mtu, tunajitoa."

"Mwaka jana hukunijua," mama alisema.

Kisha akalisukuma sinia hadi likagusa magoti yao wote wawili, akamwonyesha kwa kidole upande uliokuwa bado na mawe mengi.